Mwaminifu ni Nani?



Jioni moja walinijia mume na mke ambao nimewafahamu kwa miaka mingi. Ni watu wa Jumuiya Ndogo Ndogo, watoto wao wamepata Komunyo ya kwanza na Kipaimara katika parokia yetu, na mara mbili wamesimamia maarusi kanisani. Siku hiyo waliketi kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi, na katikati yao wangetosha watu watatu.

Habari yao ilikuwa hivi. Mwezi wa Januari mahali alipokuwa akifanya kazi mume walipunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wa walioachishwa. Hakumwambia mkewe. Kwa miezi minne, kila asubuhi, alioga, akavaa shati na tai, akanywa chai, akatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Alishinda mjini, mara akitafuta kibarua, mara akiketi bustanini. Pesa za matumizi alizitoa katika zile alizolipwa alipoachishwa, na zilipokwisha akakopa kwa marafiki na kwa simu. Mwezi wa Mei mwanamume mmoja akabisha hodi nyumbani. Alikuwa mdhamini wa mkopo wa karo ambao mume aliuchukua katika chama cha akiba na mikopo mwaka uliotangulia. Alitaka kujua kwa nini sasa anakatwa yeye. Mama alikuwa akichagua maharagwe. Hivyo ndivyo alivyojua.

“Miezi minne, Baba Watoto!” alisema mbele yangu. “Miezi minne nakupigia pasi shati uende ukaketi bustanini!”

Mume akajibu bila kuinua macho. “Mama Watoto, mimi sikukudanganya. Nilisema naenda mjini, na mjini nilikwenda. Sijalala nje hata siku moja. Sijamwangalia mwanamke mwingine. Nimekuwa mwaminifu kwako tangu siku ile ya altareni.”

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema polepole, “Sasa hata ukiniambia mvua inanyesha, itabidi nitoke nje nikaangalie.”

Ndugu msomaji, ungewaamuaje watu hawa? Mume alikuwa na haki ya kujiita mwaminifu? Wengi wetu tungesema ndiyo, kwa sababu tumezoea kulitumia neno hili kwa jambo moja tu, yaani kutotoka nje ya ndoa. Tukisema, “Bwana yule si mwaminifu,” kila mtu huelewa kwamba ana mwanamke mahali fulani. Hebu leo tulitazame neno lenyewe, kwa maana ndilo tulilolitamka mbele ya Mungu na mashahidi. Ni vizuri mtu ajue aliahidi nini.

NENO HILI LINATOKA WAPI?

Mwaminifu limejengwa juu ya kitenzi kuamini. Kiswahili kilipata neno hilo kutoka Kiarabu pamoja na ndugu zake: imani, amana na amani. Imani ni kumtegemea Mungu. Amana ni mali uliyomwekea mtu akutunzie mpaka utakapoitaka. Amani ni utulivu wa mtu asiyehofia kudhuriwa. Ukiyatazama maneno hayo pamoja utaona yana jambo moja ndani yake, nalo ni kuweza kumwegemea mwingine bila kuanguka.

Ukoo huu unakwenda mbali zaidi. Kiarabu ni jamaa ya Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, na huko ndiko linakotoka neno tunalolisema mwisho wa kila sala: Amina. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1062, inatueleza kwamba Amina lina shina moja na neno la Kiebrania la kuamini, na kwamba shina hilo linataja uthabiti, kutegemeka na uaminifu. Kwenye shina hilo hilo Waebrania walipata pia emet, neno lao la kweli. Kwao kitu cha kweli kilikuwa kitu imara, kama nguzo ambayo ukiiegemea haikuangushi.

Mwenye Biblia mbili nyumbani anaweza kujionea mwenyewe. Afungue Injili ya Yohane sura ya 3, pale Yesu anapozungumza na Nikodemo usiku. Tafsiri ya zamani, ile ya mwaka 1952, inaweka Amin mahali ambapo Biblia Habari Njema inaweka Kweli. Watafsiri wote wawili hawakukosea. Neno la kuaminika na neno la kweli ni neno moja.

Lugha zetu nyingine nazo zinashuhudia hivyo. Mkikuyu humwita mtu wa namna hii mwĩhokeku, kutokana na kwĩhoka, yaani kutumaini na kutegemea. Mjaluo husema ja-adiera, mtu wa kweli. Naye Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alipoandika kitabu chake juu ya wema wa ndoa karibu na mwaka 401, alitaja mema matatu ya ndoa: watoto, uaminifu na sakramenti. Neno la Kilatini alilolitumia kwa uaminifu ni fides, lile lile la imani.

Basi mwaminifu ni mtu anayeaminika. Kulinda kitanda cha ndoa ni sehemu kubwa ya uaminifu, na hakuna anayeweza kuipunguza. Lakini yule mama aliyesema habari ya mvua alikuwa amelishika neno zima. Mume wake alilinda kitanda, na hata hivyo hakuaminika tena.

KWELI YA MDOMO NA KWELI YA MTU

Mume yule alijitetea kwamba hakusema uwongo: alisema anakwenda mjini, akaenda mjini. Kwa mdomo wake ni kweli. Lakini ile tai ilikuwa ikisema kitu kingine kila asubuhi. Ilikuwa ikisema, “Naenda kazini.” Chai ya mapema ilisema hivyo, na uchovu wa jioni ulisema hivyo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu anaweza kudanganya kwa matendo sawasawa na kwa maneno. Kwake ukweli kama fadhila ni mtu kujionyesha katika maisha na katika usemi wake vile alivyo, bila kujiongeza na bila kujificha nyuma ya sura nyingine. Katekisimu, namba 2468, inafundisha hivyo hivyo. Hapa ndipo tunapoona tofauti ndogo kati ya kusema kweli na kuwa mtu wa kweli. Mtoto mdogo husema kweli hata bila kujua. Kuwa mtu wa kweli ni kazi ya maisha, kwa maana unampa mwenzako nafasi ya kukujua wewe mwenyewe.

Mara nyingi katika ndoa uwongo haupigi kelele. Huja kwa nusu ya kweli. “Nilikuwa na kina fulani,” ilhali jina moja limerukwa. “Nguo hii? Nilikuwa nayo zamani,” na zamani ni juzi. “Mshahara haujaingia,” nao umeingia akaunti nyingine. Hata viapo vyetu vinatushtaki. Sikiliza tunavyozungumza: haki ya Mungu, haki ya nani, kweli kabisa, nakuapia. Mtu ambaye neno lake tupu linatosha hahitaji kumwita Mungu awe shahidi wa bei ya nyanya. Bwana wetu alituambia wazi katika Matayo sura ya 5 kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Jiulize: nyumbani kwako neno lako tupu linatosha?

TULIAHIDI NINI ALTARENI?

Kumbuka siku ya ndoa yako. Uliahidi kuwa mwaminifu, na ahadi haikuishia hapo. Ilitaja taabu na raha, ikataja magonjwa na afya. Kwa nini Kanisa liliuweka uaminifu karibu na taabu na magonjwa? Sababu moja, naamini, ni kwamba hizo ndizo saa ambazo mtu hutamani kujificha. Mwenye raha hafichi. Aliyepandishwa cheo hufika nyumbani akipiga mluzi. Aliyefukuzwa kazi ndiye anayepita njia ya nyuma.

Tuanze na taabu, na hasa pesa. Ziko nyumba nyingi ambamo mke hajawahi kuiona karatasi ya mshahara ya mumewe, wala mume hajui mkewe ameweka kiasi gani katika chama. Kuna mume aliyenunua ploti akaandika jina la ndugu yake. Kuna mke aliyekopa kwa simu mara tatu, akilipa mkopo huu kwa mkopo ule, na kila simu ikilia moyo unaruka. Sheria za nchi yetu zimeliona jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 zinataka ridhaa ya mwenzako kabla hujaiuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani. Serikali inaweza kudai sahihi yake, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kufungua moyo. Hilo tuliliahidi wenyewe.

Fikiri pia juu ya kifo. Tangu sheria ya mwaka 2011 kiko chombo cha serikali cha kutunza pesa zisizodaiwa: akiba za benki, hisa, malipo ya bima na kadhalika. Baadhi ya pesa hizo ni za watu waliokufa bila jamaa zao kujua kwamba walikuwa na kitu. Mjane anakopa pesa za karo, na mali ya mumewe imelala mahali ambapo hakuambiwa. Mwingine naye hupata habari za madeni matangani, mbele ya wageni. Aliyekufa huenda hakuwa mtu mbaya. Alingojea siku nzuri ya kusema, nayo haikufika.

Sasa magonjwa. Hapa neno letu linagusa uhai wenyewe. Mtu akipimwa akaambiwa ana virusi vya UKIMWI, hofu yake ya kwanza mara nyingi ni mwenzake atasema nini. Wengine humeza dawa kwa siri, chupa imefichwa kwenye gunia la mahindi. Wengine huacha kuzimeza kabisa wasije wakaonekana. Zamani habari hiyo ilikuwa kama hukumu ya kifo, lakini leo sivyo. Anayemeza dawa kila siku kama alivyoagizwa anaweza kuishi miaka mingi na kuwalea watoto wake. Virusi vikishuka hata visionekane katika kipimo, na vikabaki hivyo, havimwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Mama mjamzito anayetibiwa mapema anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Lakini hayo yote yanahitaji mtu ajue. Mwenzako asiyejua hawezi kupimwa, hawezi kujikinga, hawezi hata kukukumbusha dawa. Ukimnyima kweli hii umemnyima uhai wake. Kama unaogopa kusema peke yako, omba mshauri wa kituo cha afya au padre akae nanyi. Na kama unajua kwamba utapigwa au kufukuzwa, usiende peke yako. Tafuta msaada kwanza, kisha sema.

MWAMINIFU NAYE HUAMINI

Sasa nataka tulirudie neno lenyewe, kwa sababu bado lina fundisho lingine. Tazama maneno mengine yaliyojengwa kama hilo. Mvumilivu ni yule anayevumilia. Mwangalifu ni yule anayeangalia. Mtiifu ni yule anayetii. Kwa kanuni hiyo mwaminifu angekuwa yule anayeamini! Lakini Kiswahili hulitumia kwa yule anayeaminika. Ni kana kwamba lugha imekataa kuwatenganisha watu hao wawili. Kwa ndoa hilo ni fundisho zuri: wa kuaminika na wa kuamini hukua pamoja, na mmoja akifa mwingine hudhoofika.

Nilimuuliza mume yule kwa nini hakumwambia mkewe siku ile ya kwanza. Alisita, kisha akatoa jambo ambalo hata mkewe hakulitazamia. Miaka sita nyuma alijaribu biashara ya kuku, kuku wakafa kwa ugonjwa, pesa zikapotea. Alimweleza mkewe usiku. Jumapili iliyofuata, mbele ya mashemeji wake wote, mke aliitoa habari hiyo kama kichekesho: “Huyu hata kuku wanamshinda.” Watu wakacheka. Mume alicheka pia. “Siku ile,” akasema, “niliapa moyoni kwamba sitamletea tena aibu yangu aifanye mboga ya wageni.”

Mama akainamisha kichwa. Alikuwa ameshasahau.

Wapendwa, sisemi kwamba kosa la mke linafuta la mume. Kila mmoja atabeba lake. Lakini kama unataka kuambiwa kweli, nyumba yako lazima iwe mahali ambapo kweli inaweza kuketi. Kuna mume ambaye mkewe akimwambia amevunja sahani, nyumba hutikisika. Mke huyo atajifunza kuvificha vigae. Kuna mke ambaye mumewe akikiri jambo, hulisikia tena katika kila ugomvi kwa miaka kumi. Mume huyo atajifunza kunyamaza. Watoto nao wanatazama, na wanajifunza upesi kuliko sisi. Wahenga walisema kwamba msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Basi asikimbiwe na mwenzi wake pia.

Mwenzako akikuletea habari ngumu, jaribu hivi: msikilize mpaka mwisho, umshukuru kwa kusema hata kama unatetemeka kwa hasira, na umwambie, “Nipe usiku wa leo nifikiri.” Hasira yako ina haki yake, nayo ina saa yake. Na aliyoyasema yabaki ndani ya nyumba. Hiyo ndiyo amana.

JE, TUAMBIANE KILA KITU?

Baadhi yenu mtauliza kama basi tunapaswa kutoboa kila kilicho moyoni. Hapana. Mtakatifu Tomaso alisema fadhila ya ukweli husimama katikati: hutoa linalopaswa kutolewa, na hutunza linalopaswa kutunzwa. Naona mambo matatu hapa.

La kwanza ni siri ya mtu mwingine. Ndugu yako au rafiki akikuwekea siri, si yako kuigawa, hata kwa mwenzi wako. Mtakatifu Augustino anatupa mfano wa askofu Firmus wa Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Mtu mmoja alimkimbilia, naye akamficha. Maofisa wa kaisari walipokuja, Firmus aliwaambia kwamba hawezi kusema uwongo wala hawezi kumtoa mtu yule. Walimtesa, naye akabaki pale pale. Mwishowe alipelekwa mbele ya kaisari, ambaye alistaajabia msimamo wake akamsamehe yule aliyefichwa. Nasi tunaweza kujibu hivyo bila kuteswa: “Mama Watoto, hilo ni la ndugu yangu, ameniomba nilitunze. Halihusu nyumba yetu.” Hapo umesema kweli kamili, na siri imebaki salama. Lakini kama jambo lenyewe linaihusu nyumba yenu au uhai wa mtu, usikubali kulibeba kama siri.

La pili ni maneno yanayouma bila kujenga. Kuna mtu anayejisifu, “Mimi ni mkweli, nasema tu.” Anasema chakula ni kibaya, kwamba mwenzake amenenepa, kwamba mama mkwe ni mzigo. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, aliiunganisha kweli na upendo, na tusiitenganishe. Kabla ya kusema jiulize: nasema ili apone au ili aumie?

La tatu ndilo gumu zaidi, nalo huulizwa mara nyingi: “Nilianguka dhambini zamani, nikaungama, nikaacha. Je, ni lazima nimwambie mwenzangu?” Hapa sitakupa jibu moja la watu wote. Kama kosa lile limeacha jambo linalomhusu, kwa mfano ugonjwa, mtoto au deni, ana haki ya kujua, na kukawia kunaongeza jeraha. Kama halikuacha kitu, usikimbilie kumtupia mzigo ili wewe upate nafuu, yeye akose usingizi. Nenda kwanza kwa padre anayekufahamu, uombe shauri kwa utulivu. Lakini jambo moja ni wazi: akikuuliza uso kwa uso, usijenge uwongo juu ya dhambi. Dhambi iliyoungamwa imesamehewa. Uwongo mpya ni dhambi mpya, nao ukivumbuka ndio atakaoukumbuka.

KWA WALIO NA WATOTO WACHUMBA

Wazazi, wafundisheni wanaotaka kuoana kwamba uaminifu unaanza kabla ya pete. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1098, inasema kwamba mtu aliyepatwa kwa hila ili akubali ndoa, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vikali maisha ya ndoa, hafungi ndoa halali. Huo si mlango wa kutokea kwa kila aliyechoka, na baraza la Kanisa ndilo linalochunguza na kuamua. Lakini tazama uzito wake: Kanisa linasema ridhaa iliyoibwa kwa udanganyifu wa namna hiyo si ridhaa. Mwenye mtoto aseme ana mtoto. Mwenye ugonjwa aseme. Anayejua kwamba hawezi kuzaa aseme. Akikataliwa kwa sababu ya kweli yake ataumia, lakini ataumia mara moja.

KUANZA UPYA

Mtauliza yaliyowapata wale wawili. Imani ya mama haikurudi siku ile, wala mimi sikumwambia irudi. Kusamehe ni amri ya Bwana. Kuamini tena hukua kidogo kidogo, kama mti uliokatwa ukabaki kisiki.

Mume alikubali mambo matatu. Alinunua daftari la shilingi chache akaandika humo kila deni, kubwa na dogo, na jina la kila anayemdai. Kila Jumapili baada ya Misa walikaa mezani pamoja kulipitia, wakiwa na simu zao mbili juu ya meza. Tena akaahidi kwamba jambo baya lolote likitokea, halitalala nyumbani bila kusemwa. Mke naye aliahidi mawili: kwamba yatakayosemwa mezani hayatafika kwa ndugu zake, na kwamba daftari hilo halitatajwa siku ya ugomvi mwingine. Walikwenda pia kwenye Sakramenti ya Kitubio, kila mmoja na lake. Wa kwanza kwenda alikuwa mama.

Mdhamini walimwendea pamoja. Mume hakupata kazi ya tai. Sasa anauza vipuri vya baiskeli, na mkewe anajua bei ya kila kimoja.

Karibu mwaka mmoja baadaye nilikutana na mama nje ya kanisa. Nilimuuliza hali ya nyumbani. Akacheka. Akasema juzi Baba Watoto alimpigia simu akiwa dukani kumwambia mvua inakuja upande ule, aanue nguo. “Nilianua zote,” akasema, “zikiwa ndani ndipo nikakumbuka kwamba sikuangalia juu.”

Ndugu wanandoa, wiki hii tafuteni saa moja watoto wakiwa wamelala, mjibizane maswali haya kwa upole:

1. Je, kuna jambo la pesa, la afya au la ukoo ambalo mwenzangu angeumia kulisikia kwa mtu mwingine kabla hajalisikia kwangu?

2. Mara ya mwisho mwenzangu aliponiambia jambo gumu, nililipokeaje?

3. Kuna siri yake niliyoitoa nje? Je, nimemwomba msamaha?

4. Mimi nikifa leo usiku, mwenzangu ataamka akijua tulicho nacho na tunachodaiwa?

Mkimaliza, shikaneni mikono msali Baba Yetu pamoja. Na mtakapofika mwisho, semeni lile neno Amina polepole. Sasa mnajua linamaanisha nini.

Mungu azibariki ndoa zenu.